Bwawa tulichora la picha, mama akauliza atakaa wapi

Mchoro wa kwanza niliuchora mwenyewe kwenye daftari la hesabu la mtoto, yale yenye vyumba vyumba, kila kachumba nikakahesabu nusu mita. Swimingi pulu mita 12 kwa 5, kina mita 2 kote, pembeni vitanda viwili vyeupe vya kulalia kama vya hotelini, mwavuli mkubwa, taa za ndani ya maji, basi. Nilikuwa nimeangalia picha mtandaoni mpaka macho yanauma na zote ziko hivyohivyo, maji ya bluu katikati, watu hakuna.

Sasa mwezi wa nane 2023 mama akaja kunisalimia kutoka Kilwa, nikamtoa uani na karatasi yangu nikaanza kumwonyesha kwa mikono, mama bwawa linaanzia hapa linaishia kule karibu na mwembe, hapa vitanda, hapa pavingi tupu mpaka ukutani. Yeye kakaa zake juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mwembe ananisikiliza tu mpaka nikamaliza. Akaniuliza, "Na mimi nitakaa wapi?"

Nikamwonyesha vile vitanda.

Akacheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kanga. "Nianikwe juani kama dagaa?"

Nilinuna kidogo kusema kweli. Na msije mkadhani mama alikuwa anashangaa bwawa, wala. Nilipompigia simu mara ya kwanza kumwambia tunajenga, alinijibu kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya vitunguu kwamba kwao bwawa lipo toka enzi za masultani. Na ni kweli lipo, Kilwa Kisiwani pale kwenye magofu ya Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Bwawa lake lina pembe nane, la mawe ya matumbawe na chokaa, na kasri lenyewe liko juu ya mwamba linatazama bahari. Nilishapelekwa pale nikiwa darasa la tano na nilichokumbuka ni kwamba niliumwa na siafu. Lakini baada ya kuulizwa lile swali nikaanza kuliwaza upya, maana lile bwawa ni la watu waliojua kukaa, limezungukwa na ngazi na kuta za kuegemea. Mimi nilichora bwawa la kupigwa picha.

Hata hivyo sikubadilisha mchoro. Nina kichwa kigumu, baba watoto atawaambia. Kilichonibadilisha ni mchanga.

Sisi tuko Kigamboni huku Mjimwema, bahari iko mashariki yetu, mbali kidogo lakini usiku ukitulia unaisikia. Ardhi ni mchanga mtupu. Mwezi wa tisa vijana wakaingia na machepe na matoroli, siku ya kwanza kazi inateleza kama wanachota sukari, siku ya pili vilevile, siku ya tatu mchana kijana mmoja akanipigia kelele, "Bosi njoo uone!" Nikatoka na mikono ina unga. Kina kilikuwa mita 1.6 na chini pale mchanga umebadilika rangi, umekuwa mweusi, halafu ukikanyaga unyayo unajaa maji taratibu kama sponji. Yule kijana akaonja kwa kidole akasema ya chumvi kidogo. Wengine wakacheka eti bosi swimingi yako imeshajaa yenyewe, hela ya boza umeokoa.

Fundi mkuu akasema si tatizo, tunaleta pampu tunavuta maji tunamwaga zege harakaharaka. Hapo nikapata wasiwasi maana lile neno harakaharaka silipendi kwenye kitu cha zege. Nikampigia injinia mmoja ambaye mdogo wangu alisoma naye, akaja jioni na bodaboda, akachungulia shimo, akauliza tu maswali mawili: kisima cha jirani masika maji yanapanda mpaka wapi, na hili bwawa mtakuwa mnalimwaga maji mara ngapi. Jirani akasema masika maji yanafika mita moja kutoka juu. Injinia akachuchumaa akaanza kuandika mchangani kwa kijiti.

Nawaandikia alichonieleza kwa sababu nimeona watu wengi ukanda huu wa pwani wanachimba bila kujua. Bwawa tupu la zege ni chombo, kama ngalawa. Likikaa ndani ya maji ya ardhini, maji yanalisukuma juu, kila mita moja ya ujazo inayozama inasukumwa kwa tani moja. Bwawa langu la ndotoni, ukihesabu na kuta zake, lilikuwa na eneo la mita 67 za mraba kwa chini. Masika likizama mita 1.2 kwenye maji ya ardhini, hiyo ni tani 80 zinasukuma kwenda juu. Zege lake lote na nondo ni kama tani 65. Likiwa limejaa maji halina neno, uzito wa maji unalikalisha. Ila siku ukilimwaga ulisafishe au utengeneze taili, na ikiwa ni mwezi wa nne, linaweza kunyanyuka. "Dada, utaamka asubuhi ukute bwawa limechungulia," ndo maneno yake hayo. Mabomba yanakatika, sakafu inapasuka, basi hela yote imekwenda.

Kuna njia za kupambana nalo, unaweza kufanya sakafu nene sana iwe nanga, unaweza kuweka vali ya chini inayofunguka maji ya nje yakizidi yakaingia ndani, unaweza kuweka kisima kidogo cha pembeni uwe unavuta maji kabla ya kumwaga. Lakini njia rahisi kuliko zote alisema ni kutokwenda chini. Punguza kina, punguza ukubwa, halafu linyanyue bwawa lenyewe juu ya ardhi.

Nikamuuliza linyanyuliwe kiasi gani. Akaangalia huku na huku, akamwona mama yuko kwenye ndoo yake. Akasema, "Sentimita 45 hivi. Kimo cha kukalia."

Jamani. Mama wala hakugeuka lakini nilimwona mabega yanacheka.

Kwa hiyo ndo ikawa hivyo. Bwawa likashuka mpaka mita 7 kwa 3.5, kina kuanzia mita 1 mpaka 1.4, na ukuta wake ukapanda sentimita 45 juu ya ardhi, halafu juu ya ukuta tukatandaza zege la upana wa nusu mita kuzunguka pande tatu. Baraza. Ile ile ya mbele ya nyumba za Kilwa na Lamu na Unguja ambayo wazee wanakaa wanacheza bao na kuamkia watu, ila hii nyuma yake ni maji. Kwa ndani, upande wa nyumba, chini ya baraza tukaacha kijukwaa cha upana wa sentimita 60 ambacho maji yake ni sentimita 35 tu, ukikaa juu ya baraza ukageuka miguu inakanyaga pale. Ukijumlisha na nafasi iliyobaki juu ya maji, kutoka kukalia mpaka kijukwaa ni sentimita 47, yaani ni kiti nje na ni kiti ndani. Hicho kijukwaa nilikibuni mimi na nataka kijulikane ni changu, maana fundi sasa anawaambia watu ni chake.

Kutoka lita 120,000 za mchoro wa daftari tukaja kwenye kama lita 26,000. Boza kumi na mbili zikawa boza mbili na nusu.

Halafu ikaja El Niño. Wanaoishi Dar wanaikumbuka ile mvua ya mwisho wa 2023. Sisi shimo lilikuwa wazi, tulikuwa tunasubiri nondo, zikanyesha siku nne mfululizo, kuta za mchanga zikaporomoka zote na shimo lililokuwa zuri la pembe nne likawa kama bakuli la uji, na vyura! Vyura walikuwa wanapiga kelele usiku kucha mpaka jirani akatuma ujumbe kuuliza kama tumeanza kufuga. Ukichimba kwenye mchanga usichimbe karibu na vuli, na kama umeshachimba zuia kuta kwa mbao na mifuko ya mchanga siku hiyohiyo, usiseme kesho. Tulirudi kazini mwezi wa kwanza 2024, tukachimba upya, tukalipa upya.

Ila ile miezi ya kusubiri mvua iishe ilikuwa na faida moja, nilikaa uani. Yaani nilikuwa nachukua kiti cha plastiki na chai natoka asubuhi, narudi mchana, natoka tena jioni, naangalia jua linakwenda wapi na upepo unatoka wapi. Miaka sita kwenye hii nyumba na sikuwahi kufanya hivyo. Nyumba yetu iko magharibi ya uwanja, kwa hiyo kuanzia saa kumi na nusu jioni kivuli chake chenyewe kinaanza kulala uani, bure, bila mwavuli. Bwawa kwenye mchoro lilikuwa mbali, kule mwisho wa kiwanja ambako jua linapiga mpaka saa kumi na mbili. Tukalivuta mpaka mita 3 kutoka kibarazani na urefu wake ukalala sambamba na nyumba. Sasa jioni baraza ya upande wa nyumba ina kivuli na maji bado yana vuguvugu la mchana, hapo ndo utamu wote ulipo.

Upepo nao. Sisi pwani pepo zetu ni mbili, kusi inatoka kusini mashariki kipindi cha kipupwe, kaskazi inatoka kaskazini mashariki miezi ya joto, Desemba mpaka Machi hivi. Zote mbili zinatoka upande wa bahari, kwa hiyo kila kinachodondoka kwenye maji, majani, wadudu, manyoya ya kuku wa jirani, kinasukumwa upande wa magharibi. Skima, ule mdomo wa ukutani unaofyonza maji ya juu, fundi alitaka kuuweka mashariki kwa sababu bomba lingekuwa fupi. Ungekaa pale ukiangalia takataka zinaukimbia. Tukauweka magharibi, bomba likaongezeka mita kadhaa, na sasa upepo wenyewe ndo unafanya nusu ya kazi ya kusafisha. Unaamka asubuhi unakuta maji safi na kikapu kimejaa.

Na kinajaa kweli kwa sababu ya mwembe. Baba watoto alitaka ukatwe. Alikuwa na hoja, uko kusini mashariki, kusi ikivuma majani yote yanakuja kwetu, Julai maua yake yanaanguka kama unga wa muhogo juu ya maji, na mizizi je. Injinia akapima akasema uko mita 8 kutoka kwenye ukuta, zege likiwa zima mizizi haitapata pa kuingilia, mizizi inafuata maji yanayovuja. Basi nikasema mwembe haukatwi. Mimi nilikuja kwenye hiki kiwanja kikiwa hakina kitu ila ule mti, siwezi kuukata kwa ajili ya kitu cha mita 7.

Kwenye zege sitaongea sana, kila mtu ana fundi wake na kila fundi ana dini yake. Tulifunga nondo za milimita 12 matabaka mawili kila sentimita 20, fundi alitaka tabaka moja la milimita 10 akasema mama hili si ghorofa, injinia akamjibu kwamba ghorofa halisukumwi na maji pande zote mbili. Pale sakafu inapoungana na ukuta tukalaza mpira wa kuzuia maji. Sakafu ilimwagwa siku moja bila kukatisha, kuta nazo siku yake, na vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikane, inafanya kazi muda wote, mimi nimesimama pale na kanga kichwani kama msimamizi wa barabara.

Kosa lilikuwa kwenye bomba la taa. Na nimelijua kwa ndoo.

Kabla ya taili tulijaza maji ya kisima bwawa likiwa plasta tupu, injinia alisisitiza, usibandike taili kwenye bwawa ambalo hujalijaribu. Siku ya pili naona yamepungua. Fundi akasema ni jua hilo, maji yanapaa. Inawezekana, yanapaa kweli. Sasa ukitaka kujua kama ni jua au linavuja unachukua ndoo, unaijaza maji, unaiweka juu ya kijukwaa kulekule ndani ya bwawa ili ipigwe na jua lilelile na upepo uleule, unaweka alama ya maji ndani ya ndoo na alama kwenye ukuta wa bwawa, unasubiri saa 24. Nikaweka alama kwa chaki ya mtoto. Kesho yake ndoo imeshuka milimita 5. Bwawa limeshuka sentimita 3. Nikamwita fundi nikamwambia hili jua linachagua? Ukitoa zile milimita 5 za jua zinabaki sentimita 2.5, na kwenye bwawa letu hizo ni zaidi ya lita 600 kwa siku zinakwenda mchangani.

Tukaacha yashuke yenyewe mpaka yatakaposimama. Yakasimama sawasawa na tundu la bomba la waya wa taa. Hapo hata fundi akanyamaza. Tukachokonoa, tukaziba kwa simenti ya kuzuia maji, tukajaza tena, ndoo milimita 5, bwawa milimita 5. Nilifurahi kuliko siku bwawa lilipokwisha.

Masika ikaingia na tukaliacha na maji ndani kwa makusudi, lisije likachungulia. Shida maji yaliyolala bila dawa yanafuga mbu, na Dar tunaijua dengi, ile ya 2019 nilikuwa mmoja wa waliolala wiki nzima mifupa inauma kama imepigwa nyundo. Jirani akatupatia perege sita ili wawale viluwiluwi vya mbu. Wakafa wote siku mbili, kumbe simenti mpya inachafua maji kwa samaki, inayafanya makali. Mvua zikanyesha, maji yakamwagika na kubadilika, mwezi wa tano akatupatia wengine na hao wakanenepa. Kwa hiyo waogeleaji wa kwanza wa lile bwawa ni perege, na Julai tulipolimwaga tubandike taili tuliwakaanga. Taili nilichagua bluu nyepesi ya kufifia badala ya ile bluu nzito inayopendeza kwenye picha, sababu moja tu, nataka mtoto akiwa chini nimwone.

Agosti tukajaza, maji ya kisima tena, meupe kama machozi. Baba watoto kafungua kopo la klorini kapima kamwaga kwa heshima zote, tukalala. Asubuhi mtoto anakuja mbio chumbani, "Mama bwawa limekuwa chai!" Nikadhani utani. Nikatoka. Chai ya rangi kabisa, ile iliyokolea, hata kijukwaa hakionekani. Nilikaa kwenye ile baraza nikatamani kulia. Kumbe maji ya kisima chetu yana chuma ndani yake, huwezi kukiona kikiwa kimeyeyuka, ila klorini ikikigusa kinashika kutu humohumo majini. Hayo maji hayajaharibika, ni kutu. Tukazima pampu, tukaacha itue chini siku mbili, tukaivuta polepole na kumwaga nje bila kuipitisha kwenye filta, kisha tukawasha filta na kuiosha kwa kurudisha maji nyuma mara nyingi tu. Siku ya tano yakawa bluu. Ushauri wangu, chukua ndoo moja ya maji ya kisima chako, tia klorini kidogo, iache usiku mmoja, uone. Ndoo moja ingeniokolea siku tano. Tulipopunguza na kujaza pengo tulileta boza.

Kuhusu maji lazima niseme. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua na DAWASA wakaanza mgao, mtaa huu kulikuwa na foleni ya madumu mpaka usiku. Mimi nilikuwa nayo na dumu langu. Sasa leo nina lita 26,000 za kuchezea na sioni raha kabisa kulisema hilo kwa sauti. Ndio maana tulikazana lisivuje, ndio maana jua likiwa kali tunalifunika kwa turubai mchana, kwenye eneo letu zile milimita 5 za kupaa ni lita 120 na kitu kila siku, ndoo sita. Maji ya paa tumeyaelekeza kwenye tanki na masika ndo yanayojazia. Aibu haijaisha lakini imepungua.

Umeme mnaouliza wengi: pampu yangu ni kilowati 0.75, inafanya kazi saa sita kwa siku, hiyo ni uniti 135 kwa mwezi, kwa bei yetu ya LUKU ya 356 na ushee inakuja kama elfu 48. Na kama ulikuwa kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75, iage kabisa. Jumla ya gharama yote siitaji hapa kwa sababu baba watoto anasoma na kuna risiti mbili hajaziona.

Uzio. Watu wanaona ukuta wa sentimita 45 wanasema mtoto hawezi kupanda. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka miwili, nilimweka pale nje bwawa likiwa kavu, sikumaliza kuhesabu kumi yuko juu. Tukaweka uzio wa mita 1.2 wenye nguzo za wima asipate pa kukanyaga, geti linajifunga lenyewe na kitasa kiko juu ambako mimi mwenyewe nainua mkono. Unaharibu picha, ndiyo. Na umeme wa pale wote una brekaa yake ya kukata umeme unapovuja, taa za majini ni za volti 12. Kwenye haya sikuuliza bei.

Banda la makuti liko kaskazini, nguzo za mkaratusi uliotibiwa, paa nimewaambia waliinamishe hasa, makuti yakilala yanashika maji na kuoza. Mei 2024 ile kimbunga Hidaya inapita banda lilikuwa na wiki tatu, ikabeba kona moja tukaikuta kwa jirani juu ya banda lake la kuku. Jiko la kuchomea nyama tumelitenga mbali na makuti kwa ajili ya cheche, kona ya kaskazini magharibi. Kusi ikivuma moshi unatoka nje ya ukuta vizuri kabisa. Kaskazi ikivuma unaingia jikoni moja kwa moja, kwa hiyo kuanzia Desemba tunakula wali.

Vile vitanda vyeupe nilinunua kimoja, moyo ulikataa kuacha. Kiko chini ya mwembe na analalia paka.

Mama sasa anakuja kila baada ya miezi miwili mitatu, na haogelei, hajawahi na hana mpango. Saa kumi na nusu anatoka na sinia la mchele, anakaa baraza ya upande wa nyumba, anakunja kanga mpaka magotini, miguu ndani, anachambua mchele mgongo umeelekea kwetu na wajukuu wanapiga mbizi mbele yake anawagombeza wasimrushie maji kwenye sinia. Jani la mwembe likipita linaelekea kwenye skima analidaka kwa dole gumba la mguu, analinyanyua, analitupa nje. Ana shabaha. Jirani huja na bao lake Jumapili, wanaume nao wamehamia pale, mpira wa kwenye tivii wanasikiliza kwa dirisha.

Anakuja tena wiki ijayo na kuna taili moja imepasuka pale pale anapokaa, ina ncha, mara ya mwisho ilimchana kanga na kanga yenyewe ilikuwa ya zawadi. Nimempigia fundi, kasema anakuja Jumamosi. Jumamosi gani hakusema.